Saa 48 za Mwani: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Visiwa vya Karibi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Serikali za Jumuiya ya Karibi (CARICOM). Mawaziri wa utalii, uvuvi, afya na mazingira. Na Sekretarieti ya Jumuiya, Georgetown, Guyana.

Waheshimiwa,

Salamu za watu wa pwani. Tunawaandikia kuhusu saa 48.

Huo ndio muda ambao mwani wa sagasamu hukaa mchangani kabla haujaanza kuharibika na kutoa gesi. Siku ya kwanza ni majani ya rangi ya asali, yana vipovu vya hewa vinavyolingana na punje za pilipili manga, na ukikung'uta kishada kimoja juu ya ndoo watadondoka kamba wadogo na kaa wasiozidi ukucha. Mtu mwenye uma wa shambani na toroli anaumudu. Siku ya tatu juu umekauka na kuwa mweusi, chini umegeuka uji, na harufu ya mayai viza imefika barabarani. Hapo uma hautoshi tena. Sasa zinatakiwa mashine, vipimo vya gesi, watu wenye barakoa maalumu, na mahali pa kumwaga ambapo jirani hatalalamika.

Kila msimu tunaona kazi ikianza baada ya siku ya tatu. Si kwa uvivu. Fedha zake zimepangwa kama fedha za kimbunga: mwani unatua, halmashauri inaandika barua, wizara inaomba kibali, zabuni inatangazwa, na lori linaposhuka ufuoni wiki ya tatu linakuta sumu badala ya majani. Ombi letu ni moja, na yote yanayofuata ni maelezo yake: fedha, zana na watu wawe wameshafika ufuoni kabla ya mwani.

Msomaji wa Paje au Pemba asituelewe vibaya kwa neno hili. Mwani anaoujua yeye ni zao. Unafungwa kwenye kamba kati ya vigingi, unavunwa, unaanikwa, unauzwa kwa kilo. Hata Saint Lucia wapo wakulima wanaofunga wa kwao, ule unaochemshwa ukawa kinywaji. Sagasamu ni kitu kingine. Aina mbili zinazosumbua Karibi hazishiki mwamba wala mchanga maisha yao yote: zinaelea, zinapelekwa na upepo na mikondo, na zinazaliana kwa kukatika. Propela ikiukata mwani huu haijaupunguza, imepanda miche.

Mpaka 2010 hii ilikuwa habari ya Bahari ya Sargasso, mbali kaskazini. Mwaka 2011 ukatua kwa wingi visiwa vya mashariki ya Karibi, na tangu hapo ni mwaka 2013 tu ulioruka. Picha za setilaiti zilizochambuliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida na wenzao zilionyesha mkanda mpya unaovuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Mexico. Juni 2018 ulikuwa na urefu wa kilomita 8,850 na uzito wa zaidi ya tani milioni 20. Mei 2025 makadirio yalifika tani milioni 37.5, kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana kabla ya hapo. Tobago ilitangaza janga mwaka 2015, Barbados ikatangaza dharura Juni 2018. Mara ya kwanza neno dharura lilikuwa mahali pake. Lakini kitu kinachorudi karibu kila mwaka kuanzia Machi hadi Agosti, pengine mpaka Oktoba, ni msimu kama masika. Masika hayatangaziwi dharura; watu huzibua mitaro Februari.

Wala msiseme haujulikani utatua wapi. Siku haijulikani mapema, lakini upande unajulikana, kwa sababu upepo wa biashara huvuma kutoka mashariki mwaka mzima. Bathsheba na Conset Bay kule Barbados, Dennery na Praslin kule Saint Lucia, Le Robert na Le François kule Martinique: ghuba zilezile, kila mwaka. Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya Cave Hill kule Barbados, hutoa taarifa ya matarajio ya mwani kwa visiwa vya mashariki, na South Florida hutoa yao kila mwezi. Taarifa zipo. Kinachokosekana ni mtu mwenye ufunguo wa stoo ya uma.

Jambo moja wanalolisahau wapangaji waliosomea pwani za mbali ni maji kujaa na kupwa. Unguja bamvua linaweza kushusha na kupandisha bahari mita nne, na uchafu wa usiku ukaondoka na maji ya asubuhi. Karibi tofauti hiyo mara nyingi haifiki mita moja. Kilichotua kimetua. Bahari haitarudi kukichukua, itaongeza kingine juu yake.

Sasa gesi. Rundo likikosa hewa ndani, vijidudu huanza kutoa hidrojeni salfaidi na amonia. Miongozo ya afya ya Ufaransa, inayotumika Martinique na Guadeloupe, inaeleweka kirahisi na mngeweza kuichukua kesho: kipimo cha hidrojeni salfaidi kikifika sehemu 0.2 kwa milioni, kazi ya kuondoa mwani ianze; kati ya 1 na 5, wagonjwa wa pumu, wajawazito, watoto na wazee wakae mbali; kikizidi 5, eneo lifungwe na abaki mwenye vifaa tu. Kati ya Januari na Agosti 2018 madaktari wa visiwa hivyo viwili waliripoti zaidi ya watu 11,000 waliodhurika. Hidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na kwenye vyumba vya chini, na pua huizoea: mkazi wa wiki ya pili atakwambia harufu imepungua wakati kipimo kimepanda. Msitegemee pua. Kipimo cha mkononi kinachobanwa kifuani mwa mfanyakazi ndicho cha kutegemea, na kila kikosi kinahitaji viwili, kwa kuwa kimoja kitakuwa kimeishiwa chaji.

Anayetaka kujua gesi imepita wapi afungue kiyoyozi cha nyumba iliyo karibu na ufuo. Mabomba ya shaba yaliyokuwa mekundu yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi, na ukikwaruza kwa kisu weusi unatoka unga. Baada ya muda bomba linatoboka, gesi ya kupoza inavuja. Friji, televisheni na pampu ya maji hufuata, kwa kuwa shaba na fedha vilivyo kwenye saketi zake huliwa vilevile. Familia inabadilisha vyombo na hakuna anayeandika hasara hiyo popote. Ingeandikwa, bei ya kuzoa mapema ingeonekana rahisi.

Kazi yenyewe ya mkono hufanywa hivi. Kwa ghuba yenye ufuo wa mita 200 tunapendekeza kikosi cha watu kumi na wawili wa hapohapo kijijini, wenye mkataba wa msimu, wanaolipwa kwa siku waliyoitwa. Wanane washike uma, watatu wasukume toroli, mmoja asimamie kipimo na kuhesabu mizigo. Uma uwe wa meno manne au matano, si sepetu. Sepetu huchota mchanga, na mchanga ndio ufuo. Mwani unainuliwa kutoka juu ya rundo, unakung'utwa mara mbili palepale ulipotoka, ndipo unaingia kwenye toroli. Toroli liwe la gurudumu pana lenye hewa kidogo. Lile la ujenzi litazama mpaka ekseli. Mwani ukusanywe sehemu ya juu ambako mawimbi hayafiki, lakini si juu ya majani yanayotambaa mchangani, maana hayo ndiyo yanayoushika ufuo usiondoke. Uachwe uchuje maji kwa saa chache. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji, na asiyesubiri anamlipa mwenye lori kubeba bahari. Jioni ileile upakiwe. Ukilala hapo usiku mmoja tu hakuna neno. Tatu, umehamisha tatizo mita thelathini.

Glavu na gambuti si mapambo. Ndani ya mwani mna viumbe wadogo wanaowasha, na ngozi ya kiganja ikishababuka mtu harudi kesho. Watu wafanye kazi mgongo ukielekea baharini, upepo ukitoka nyuma yao, wasiinamie rundo la zamani kwa upande wa nchi kavu. Hayo yanafundishwa kwa asubuhi moja.

Na si kila mwani uondolewe. Utepe mwembamba usiofika kifundo cha mguu uacheni. Unakauka, kaa na ndege wanaula, na mchanga unanasa humo. Hoteli inayotaka ufuo uwe kama sakafu ya ukumbi kila alfajiri inachimba chini ya miguu yake yenyewe.

Mashine zina nafasi yake, rundo likivuka goti au likienda mamia ya mita. Tatizo ni mashine gani. Tingatinga la kusukuma kwa blada halifai kabisa: linachanganya mwani na mchanga, likirudi limeacha shimo, na mchanganyiko ule hautengeki tena. Kijiko chenye ndoo iliyozibwa kinabeba mchanga katika kila mchoto. Malori yakipita, tazama nyuma yake barabarani, njia nzima ni ya kijivu. Ufuo uliopoteza mchanga Mei unaingia msimu wa vimbunga, unaoanza tarehe 1 Juni, ukiwa hauna kinga. Andikeni kwenye mkataba: ndoo ya meno yenye nafasi, matairi mapana ya shinikizo dogo, njia moja tu ya kuingia na kutoka, na malipo kwa tani baada ya kukagua mchanga ndani ya mzigo. Mkandarasi anayelipwa kwa safari ya lori atajaza lori kwa chochote kilicho karibu.

Kasa wapo katikati ya haya yote. Noa, yule mkubwa mwenye mgongo wa ngozi, hutaga kuanzia Machi, na ng'amba hufuata katikati ya mwaka, yaani msimu wa mwani na msimu wa mayai ni mmoja. Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Gurudumu likipita juu ya kiota mchanga unashindiliwa na vitoto havitoki. Mwani ukiachwa mrefu, vikitoka havifiki majini. Kwa hiyo kila alfajiri mashine isiwashwe mpaka mlinzi wa kasa amepita na kupigilia vigingi, na usiku isiwashwe kabisa. Ni nusu saa ya mtu mmoja.

Kuhusu uzio wa maboya baharini, tunaomba mpunguze imani. Wauzaji wanauonyesha kwenye maji yaliyotulia. Uzio ni maboya yaliyounganishwa, chini yake pazia la wavu, na nanga kila baada ya mita kadhaa. Unafanya kazi pale tu unapowekwa kwa mshazari, ukiuelekeza mwani kwenye kona ambako chombo cha kuvuna kinausubiri. Ukiwekwa kuukabili uso kwa uso, mwani unarundikana, unazidi uzito, unapita chini ya pazia au unakata mnyororo. Usipovunwa unaoza papo hapo na kuzama juu ya matumbawe na nyasi za bahari, ukala hewa iliyo majini mpaka samaki wakaelea. Pwani ya mashariki yenye mawimbi ya wazi haifai kwa uzio. Ghuba iliyokingwa na mwamba inafaa. Jeshi la Wanamaji la Mexico limekuwa likitumia uzio na vyombo vya kuvuna huko Quintana Roo tangu 2019, na watu wake bado wako ufuoni na reki. Mwenye bajeti ya uzio bila bajeti ya chombo cha kuuvuna mwani asinunue uzio.

Halafu linakuja swali linaloahirishwa kila mwaka: upelekwe wapi? Barbados ni kisiwa cha mawe ya chokaa ya matumbawe, na maji yake mengi ya kunywa yanatoka chini ya mawe hayo. Shimo la machimbo ya zamani linaonekana kama jaa la bure, kumbe ni faneli. Mwani huu hufyonza sumu ya aseniki baharini. Katika sampuli zilizopimwa pwani ya Mexico na kuchapishwa mwaka 2020, aseniki ilikuwa kati ya miligramu 24 na 172 kwa kilo kavu, na sampuli nyingi zilivuka 40, kiwango cha juu ambacho Ulaya inaruhusu kwenye mwani wa kulisha mifugo. Martinique na Guadeloupe kuna nyongeza: klodekoni, dawa ya migomba iliyotumika toka 1972 hadi 1993, ingali kwenye udongo, inashuka na mito, na mwani ukikaa karibu na mdomo wa mto unainasa. Basi jaa liwe na sakafu isiyopitisha maji, mtaro wa kukusanya kinachovuja, na umbali na visima. Mwani utandazwe tabaka jembamba upate hewa. Ukirundikwa mlima mnarudisha gesi ileile, mara hii karibu na kijiji kingine.

Kuna wanaowaambia kuwa mwani ni dhahabu. Wasikilizeni, lakini na kikokotoo mkononi. Mbolea inawezekana baada ya kuosha chumvi na kupima aseniki kila shehena, na isiende kwenye mboga za majani bila kipimo. Kule Cave Hill timu ya watafiti imechanganya sagasamu na maji machafu ya viwanda vya ramu na samadi ya kondoo wa Blackbelly, wakapata gesi ya kuendeshea gari. Hiyo ni kazi ya heshima. Ila mtambo wa gesi unataka chakula kila siku, na mwani unakuja kwa mafuriko kisha unatoweka miezi. Na hidrojeni salfaidi iliyomo lazima ichujwe kwanza isije ikala injini. Kiwanda hakiwezi kuwa mpango wa kusafisha ufuo. Kinaweza kuwa mteja wa ufuo uliosafishwa mapema, maana mwani uliooza na kujaa mchanga hakuna anayeutaka.

Wavuvi hawakuulizwa vya kutosha. Mashine ya boti huvuta maji ya bahari ili ipoe. Mwani ukiziba chujio, joto linapanda, na mvuvi asiyekuwa na mazoea ya kutazama maji ya kupoza yanayotoka nyuma hujua pale mashine inapozima. Chujio la ziada na ndoano ya kusafishia propela si gharama kwa serikali. Barbados, nchi ya samaki panzi, imeona mavuno ya panzi yakishuka miaka ya mwani mwingi, huku faulusi wadogo na kolekole wakiongezeka chini ya mikeka inayoelea. Faulusi hao hawajazaa hata mara moja. Kanuni ya ukubwa wa chini inahitajika, na iandikwe pamoja na wavuvi wenyewe, la sivyo itavunjwa siku ya kwanza. Na wanaosimamia mitambo ya maji wakumbuke Julai 2022, Visiwa vya Virgin vya Marekani, mwani ulipotishia mtambo wa kuondoa chumvi wa St. Croix hadi dharura ikatangazwa. Mdomo wa bomba la kuvuta maji uwekwe chini zaidi ya mkeka unaoelea, na wavu wake usafishwe kwa zamu.

Kwa bodi za utalii tuna maneno machache. Mgeni aliyelipa tiketi hukasirishwa zaidi na picha ya zamani kuliko na mwani. Mwambieni ukweli wa asubuhi hiyo, ufuo kwa ufuo: leo pwani ya mashariki imejaa, Holetown na Speightstown upande wa magharibi maji ni safi, basi linapita kila baada ya muda fulani. Visiwa vyenu vina pande mbili, na upande uliokingwa na upepo mara nyingi ni safi siku ambayo ule wa pili haupitiki. Mwenye nyumba ya wageni Bathsheba anayeweza kumpeleka mgeni wake kuogelea upande wa pili hatampoteza.

Sasa fedha. Mnao mfuko wa bima ya majanga, CCRIF, ulioanza 2007, na sifa yake kubwa ni kulipa ndani ya siku 14 kwa vipimo vilivyokubaliwa, bila kusubiri mkaguzi wa hasara. Kwa kimbunga siku 14 ni haraka. Kwa mwani ni siku 12 za kuchelewa. Lakini wazo la kipimo ndilo tunalolihitaji: taarifa ya Cave Hill ikionyesha mwani mwingi unakuja kwa miezi ijayo, fedha ya msimu ishuke yenyewe kwenye akaunti ya halmashauri ya ghuba, bila barua wala sahihi ya waziri. Kipimo cha pili kiwe cha siku: msimamizi wa ufuo akiona upana wa mwani umevuka mita mbili, aite kikosi kwa simu na malipo yahesabiwe kuanzia hapo. Nusu ya fedha iwe ya mikono, robo ya usafiri, robo ya jaa na vipimo. Mashine kubwa zikodishwe kwa mkataba wenye bei iliyokubaliwa Desemba, wakati hakuna anayezigombania. Bei ya kijiko cha kukodi siku ambayo ghuba zote zimejaa mnaijua wenyewe.

Matumizi yabandikwe ubao wa kijijini kila Jumamosi: mizigo mingapi, watu wangapi, kipimo cha juu cha gesi. Ubao wa plywood na chaki vinatosha.

Mkutano wenu wa kawaida wa mwanzo wa mwaka huwa Februari. Mwani wa kwanza huonekana Machi. Uma, glavu, vipimo viwili kwa kila kikosi na majina ya watu kumi na wawili kwa kila ghuba viwe vimeandikwa kabla hamjakaa kikao hicho. Kwenye kikao mletewe orodha ya ghuba ambazo stoo yake bado ina kufuli na haina mtu.

Wenu,
Watu wa kazi za ufuo na bahari